Kutoka Embu Hadi Meru kwa Fimbo Nyeupe

Ukipanda matatu mjini Embu kuelekea Meru, abiria wazoefu watakushauri ukae upande wa kushoto. Ukiwa huko, na asubuhi iwe haina mawingu, utauona Mlima Kenya ukikusindikiza kilomita baada ya kilomita. Ukikaa upande wa kulia utatazama mabonde yakiteremka kuelekea Mbeere na Tharaka, nchi ya joto, mtama na mbuzi. Kandokando ya barabara ni kahawa na migomba, na kadiri ardhi inavyopanda, majani chai yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi wa bweni.

Mjomba wangu hukaa nyuma ya dereva. Kushoto au kulia kwake ni mamoja. Anasema hapo pana chuma cha kushika, na kwamba injini humweleza yote anayotaka kujua: dereva akirudisha gia mara mbili mfululizo, tunateremkia mto, akianza kuziongeza tena, tumekwisha kuvuka na kupanda ng'ambo.

Mjomba ni mwashi. Kwa zaidi ya miaka 30 alijenga kuta za mawe na matofali katika miji ya Embu, Chuka na Meru. Kisha akashikwa na glakoma, ugonjwa ambao wengi wetu huuita presha ya macho. Ulimnyang'anya mwanga kidogo kidogo, kutoka pembeni kuingia katikati, mpaka akabakiwa na duara dogo kama tundu la ufunguo. Baadaye tundu hilo nalo likazibika.

Mwezi wa Aprili uliopita aliniomba nimsindikize Meru. Binti yake, ambaye ni binamu yangu, anajenga nyumba viungani mwa mji huo na anataka babake ahamie huko. Mkazamjomba aliaga dunia miaka miwili iliyopita, na mzee amebaki peke yake bomani mwake karibu na Runyenjes. Binti halali usingizi. Mzee naye ana sharti moja ambalo halibadiliki: "Sitahamia mahali ambapo siwezi kwenda dukani kununua sukari bila kushikwa mkono." Basi safari yetu haikuwa ya matembezi. Tulikuwa tunakwenda kupima kama nyumba hiyo, na mji unaoizunguka, vinafaa kukaliwa na mtu asiyeona.

Nililala kwake usiku wa kuamkia safari. Hebu nikueleze boma hilo, kwa sababu bila kulijua hutaelewa kwa nini mzee ni mgumu kuhama. Kutoka mlango wa jikoni pana kamba ya katani iliyofungwa kwenye vigingi, kimo cha kiuno, inayokwenda hadi chooni. Ni hatua 34. Njiani kamba ina fundo moja. Hapo ndipo unapokata kushoto kwenda kwenye zizi la ng'ombe. Mafundo mawili, umefika chooni. Kamba hiyo aliifunga mkazamjomba mwenyewe mwaka ambao mumewe aliacha kuona kabisa. Hakuwa amesomea uchoraji wa majengo, wala hakuwa amesikia semina yoyote. Alikuwa na kanuni moja tu ambayo watoto wote wa ukoo tuliijua: jembe lina msumari wake, ndoo ina jiwe lake, na mtoto atakayeacha kigoda katikati ya njia atakula ugali mkavu. Mjomba huzunguka boma hilo kwa mwendo wa mtu anayeona. Ukimkuta akimwagia ng'ombe maji huwezi kukisia.

Ukifika naye mjini Embu ndipo utakapoona alivyo kipofu. Nasema "utakapoona alivyo kipofu" kwa makusudi. Mtu ni yule yule, na fimbo ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali.

Embu ni mji mzuri, wenye hewa ya mlimani na miti ya jakaranda. Lakini tembea na mtu asiyeona kando ya maduka yake, au ya mji mwingine wowote wa nchi hii, na utagundua jambo ambalo miguu yako imezoea kulisamehe. Kila mwenye ploti amejenga veranda yake kwa kimo alichopenda. Ya kwanza imeinuka futi moja juu ya barabara. Ya pili imeinuka futi mbili, yenye kidato kimoja. Ya tatu imeteremka ghafla, na kati yake na ya nne pana mtaro wa maji ya mvua usio na kifuniko. Mwenye ploti amepaka rangi ukuta wake, ameosha sakafu yake, ameweka na chungu cha maua. Pale ukuta wake unapoishia, wajibu wake nao umeishia. Kila mtu amejenga chake na hakuna aliyejenga baina. Asiyeona huvunjika mguu hapo kwenye baina.

Miaka minne iliyopita mjomba alitumbukia katika mtaro wa namna hiyo, mjini, mchana wa jua kali. Alivunjika mkono. Hakutoka tena bomani kwa miezi saba, na mkazamjomba aliniambia kwa simu kwamba mkono ulikuwa umepona zamani. Kilichokuwa hakijapona ni ule ujasiri.

Pengine unajiuliza, fimbo nyeupe ni ya kazi gani basi? Ni swali la haki. Fimbo ndefu hupigwa huku na huku mbele ya mguu, upana wa mabega, na hukuarifu kilichoko chini hatua moja mbele yako. Mtindo huo ulianzia Marekani miaka ya 1940, walipokuwa wakifunzwa askari waliopoteza macho vitani. Lakini fimbo haijui kilichoko juu ya kiuno. Na hapa kwetu vilivyo juu ya kiuno ni vingi: bango la duka linaloning'inia, waya wa kushikilia nguzo ya stima, kioo cha lori lililoegeshwa veranda. Adui mkubwa kuliko wote ni dirisha letu la chuma, lile linalofunguka nje. Fundi hulielekeza nje kwa sababu ndani kuna vyuma vya kuzuia wezi. Likifunguliwa kwenye ujia au veranda, pembe yake inasimama kimo cha uso. Fimbo hupita chini yake salama salimini, na paji la uso linafuata. Mjomba ana kovu juu ya nyusi ya kulia. Siku moja alinipigia hesabu: madirisha ya aina hiyo aliyoyajengea yeye mwenyewe, yakitazama ujia, hayapungui 200.

Asubuhi hiyo alikuwa na shughuli katika ofisi moja mjini, na sitaitaja. Ni jengo jipya la kupendeza. Mlango ni wa kioo kitupu, bila mstari wala nembo yoyote usawa wa macho, na nilipokuwa ninamwelekeza mjomba nilikaribia kuugonga mimi mwenye macho mawili. Sakafu ni vigae vyeupe vinavyong'aa kama maji, ukuta mweupe, kaunta nyeupe. Mtu asiyeona kabisa weupe huo haumwongezei wala kumpunguzia kitu. Lakini kumbuka kwamba wengi wa wenye ulemavu wa macho wanaona kidogo. Mwenye mtoto wa jicho huona kama anayetazama kupitia kioo chenye ukungu; mwenye glakoma huona katikati tu; na wako wanaopofushwa na mng'ao wenyewe. Watu hawa wanahitaji mlango wenye fremu nyeusi kwenye ukuta mweupe, ukingo wa kidato uliopigwa mstari wa njano, swichi ya rangi tofauti na ukuta. Ni gharama ya kopo moja la rangi. Mama mmoja mzee aliyekuwa mbele yetu alisimama kwenye ukingo wa kidato kimoja kilichojificha katika ule weupe, akaupapasa kwa ncha ya kiatu mara tatu kabla ya kuteremka. Hakuwa na fimbo. Bila shaka hajihesabu kuwa mlemavu. Macho yake yamezeeka tu.

Tulipotoka tulipanda jengo la zamani jirani, kumwona fundi wa viatu aliye ghorofa ya kwanza. Mjomba alipanda vizuri, akihesabu kwa sauti ya chini. Kwenye kidato cha mwisho kabisa alijikwaa, akashika ukuta. Akasimama. Akarudi chini kidato kimoja, akakipima kwa shubiri, kisha akapima kinachofuata. Nikadhani anakasirika.

"Ngazi hii niliijenga mimi," akasema. "Mwaka wa 1987."

Akanieleza kosa lenyewe, nami nakueleza wewe, maana huenda uko karibu kujenga. Fundi hupima vidato sawa vyote kabla ya sakafu ya mwisho kuwekwa. Baadaye anakuja mtu wa sakafu, anaongeza nchi moja au mbili chini na nchi moja au mbili juu. Kidato cha kwanza kinakuwa kifupi, cha mwisho kinakuwa kirefu, na vya katikati vinabaki vilivyokuwa. Anayeona hurekebisha mguu bila kujua. Asiyeona mguu wake umekwisha kukariri kipimo katika vidato vitatu vya mwanzo, naye huuamini mpaka juu. "Sikujua kama nilimwekea mtu mtego," mjomba akasema. Alinyamaza hadi tulipofika kituo cha matatu.

Hili si jambo la watu wachache wa kuhurumiwa Jumapili. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata Wakenya zaidi ya 333,000 wenye umri wa miaka mitano na zaidi wanaotatizika kuona. Na katika kaunti zote 47, ile iliyoongoza kwa kiwango cha watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali ilikuwa Embu, asilimia 4.4 ya wakazi, mara mbili ya kiwango cha taifa cha asilimia 2.2.

Sheria nazo hazijapungua. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote kwa njia ya kuridhisha, kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Kenya iliuidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki hizo mwaka 2008. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano kuyarekebisha tangu kipengele hicho kilipoanza kutumika; mahali pake sasa pamechukuliwa na sheria mpya iliyotiwa saini Mei 2025. Ila kuna kasoro moja katika vile tunavyozielewa. Ukimtajia mwenye jengo neno ulemavu, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye kiti cha magurudumu. Anamwaga zege la mteremko mlangoni na kupangusa mikono. Mteremko huo ni haki ya wanaouhitaji. Lakini usipowekewa ukingo pembeni, asiyeona akiuparamia kwa ubavu amepata shimo jipya ambalo jana halikuwepo.

Basi tukaabiri. Utingo alimwambia mjomba "Mzee, ingia tu," akamshika kwapa na kumsukuma kama gunia la viazi. Hakuwa na nia mbaya. Namna iliyo bora ni kumpa asiyeona kiwiko chako akishike, wewe utangulie nusu hatua. Hapo mwili wako humwarifu kila kinachokuja. Mjomba alimweleza utingo haya kwa upole, na kusema kweli kijana alisikiliza. Tulipofika Chuka nilimwona akimpa bibi mmoja kiwiko.

Baada ya Runyenjes barabara inateremkia Mto Thuci, ambao ni mpaka wa Embu na Tharaka-Nithi. Mjomba akautaja jina kabla sijauona. Baada ya Chuka kuna mteremko wa daraja la Nithi, ambao Wakenya wote wanaujua kwa huzuni. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Matatu yote ilinyamaza. "Hapa," mjomba akasema, "hata wenye macho huyafumba." Watu wakacheka, dereva naye akacheka, na tukavuka.

Ng'ambo hiyo nilimsimulia kisa cha Mjapani aitwaye Seiichi Miyake. Rafiki yake alikuwa akipoteza uwezo wa kuona, na mwaka 1965 Miyake akabuni vigae vya njiani vyenye nundu ambazo mguu unazihisi kupitia soli ya kiatu. Machi 18, 1967 vikawekwa kwa mara ya kwanza barabarani, karibu na shule ya wasioona katika mji wa Okayama. Leo vimeenea duniani: mistari mirefu maana yake endelea, nundu za duara maana yake simama, kuna ukingo au barabara. Mjomba alipenda sana. Akauliza maswali ya kifundi, kimo cha nundu, aina ya saruji. Halafu akasema: "Lakini mpwa wangu, nundu zikinileta vizuri hadi kwenye mtaro ambao kifuniko chake kimeibwa, zitakuwa zimenisaidia kufika huko haraka tu." Sikuwa na jibu.

Ukiwa safarini huku usipite Igoji kama unayepita kituo cha kawaida. Hapo, kabla ya kufika Nkubu, ndipo zilipo shule za wasioona za St. Lucy, ya msingi na ya upili, chini ya udhamini wa Kanisa Katoliki. Jina ni la Mtakatifu Lusia wa Sirakusa, ambaye Wakatoliki humwomba kuhusu magonjwa ya macho na humkumbuka kila Desemba 13. Kabla ya shule za aina hii, mtoto asiyeona hapa Kenya alikuwa na Thika tu, ambako Jeshi la Wokovu lilianzisha shule yake mwaka 1946. Watoto wa Meru, Embu, Tharaka na mbali zaidi wamejifunza Breli Igoji na kuendelea na masomo.

Katika shule kama hizi mtoto hufundishwa pia somo ambalo sisi wengine hatulijui kabisa: namna ya kujua uko wapi na namna ya kwenda unakotaka. Hujifunza kufuata ukingo wa njia kwa ncha ya fimbo, kusikia ukuta kwa mwangwi wa hatua zake, kutofautisha murram na nyasi na zege kwa soli. Anaweza kulijua eneo la shule kama mjomba anavyojua boma lake. Kisha anafanya mtihani wa mwisho, anafunga sanduku na kutoka langoni. Hebu fikiria kituo cha kwanza cha matatu anachokutana nacho: bodaboda zimeegeshwa njiani kila siku mahali tofauti, mihogo na ndizi zimetandazwa chini, utingo watano wanamvuta mikono miwili. Miaka kumi na zaidi ya kufundishwa mwendo, na mji haujafundishwa hata siku moja namna ya kumpokea.

Tulivuka ikweta na kuingia mji wa Meru saa tisa alasiri, mvua ikiwa imekwisha kuanza. Mjomba alitaka kwanza tupitie Makumbusho ya Meru, jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya enzi za ukoloni. Hakutaka kuingia ndani. Alitaka kupitisha kiganja kwenye mawe, apate kuhisi viungo vya saruji. "Hawa walijua kuchonga," akasema, akaridhika.

Tukiwa tumejikinga chini ya paa la mabati mbele ya maduka, mvua iliongezeka. Nilimwambia ningoje hapo ninunue maji duka la pili. Niliporudi, dakika tatu baadaye, nilimkuta ameegemea ukuta, fimbo ameikumbatia kifuani, uso umemshuka. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Kumbe mvua juu ya mabati ilikuwa imemzimia mji wote. Hakusikia magari, wala watu, wala alipoishia ukuta. Wewe na mimi tunajua ukungu wa asubuhi wa Limuru unavyomlazimisha dereva kusimama. Huo ndio uliokuwa ukungu wake. Asiyeona anapokaa mahali penye mvua nyingi, paa lenye dari chini ya mabati si anasa. Ndilo linalomwachia masikio. Nilimwambia binamu yangu hivyo jioni ile, akaandika katika daftari lake.

Nyumba ya binamu ni ya ghorofa moja, maduka mawili mbele na makao nyuma. Vigae vilikuwa bado havijawekwa, na ndiyo maana alituita wakati huo. Fundi, kijana wa miaka 30 hivi, alitupokea kwa adabu lakini akiwa na mashaka. Si kila siku unakaguliwa kazi na mzee asiyeona. Mashaka yalikwisha katika robo saa. Mjomba alipanda ngazi akipima kila kidato kwa shubiri, akamwuliza fundi vigae vina unene gani pamoja na saruji yake, akamwambia apunguze zege katika kidato cha juu na kuongeza katika cha chini kabla hajaweka kigae hata kimoja. Akataka bomba la kushikia lianze shubiri moja na nusu kabla ya kidato cha kwanza na kupita cha mwisho kwa kiasi hicho hicho, ili mkono ujue habari kabla ya mguu. Nafasi iliyo wazi chini ya ngazi, pale unapoweza kugonga kichwa, akaamuru izibwe iwe stoo.

Madirisha mawili ya chuma yalifungukia ujia. Fundi akajitetea: "Mzee, haya yote hufunguka nje." Mjomba akamwonyesha kovu. Wakakubaliana yawekwe ya kusukuma kando.

Kuhusu rangi alisema yeye hana neno, lakini mama mkwe wa binamu huja kukaa, na macho yake si mazuri. Basi fremu za milango zipakwe kahawia iliyoiva, na ukingo wa kila kidato upewe kigae cha rangi nyingine. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichoongeza gharama ya maana, kwa kuwa saruji ilikuwa haijakauka. Mwaka mmoja baadaye kila kimoja kingedai nyundo na patasi.

Binamu alikuwa anatabasamu. Aliona babake amekwisha kuhamia. Halafu mzee akasema, "Sasa twende dukani."

Duka liko upande ule ule wa barabara, ploti tatu mbele. Nilihesabu hatua 60. Langoni tu pana mtaro wenye ubao mmoja mwembamba juu yake. Mbele yake ni ploti ya jirani, ambaye amerundika kokoto hadi ukingoni mwa lami. Kisha mtaro wa pili, bila ubao, watu huuruka. Kisha ploti tupu yenye mtaro wa tatu uliobomoka. Mjomba alipapasa ubao ule wa kwanza kwa fimbo, kushoto, kulia, kushoto. Akaweka mguu mmoja. Akauondoa. Alisimama hapo muda mrefu, bodaboda zikipita, na binamu yangu akaanza kusema kitu, akaacha.

"Nyumba ni nzuri," mzee akasema hatimaye. "Inaishia hapa."

Kesho yake nilimrudisha Runyenjes.

Tangu hapo binamu amenipigia simu mara mbili. Dari imewekwa. Ngazi imekwisha, na fundi anasema atajenga hivyo kwa wateja wengine. Mtaro wa langoni umefunikwa kwa bamba la zege lenye kingo zilizoinuka kiganja kimoja pande zote mbili, ili fimbo ipate pa kugusa. Jirani wa kokoto alikubali, baada ya vikombe kadhaa vya chai, kulipa nusu ya bamba la pili, na kokoto ameisogeza. Umebaki mtaro wa tatu, ule wa ploti tupu. Mwenyewe anaishi Nairobi na huja mara moja kwa mwaka. Simu yake huita bila kupokelewa. Huenda ni msomaji wa gazeti hili. Mtaro wenyewe una upana wa futi mbili, na mjomba bado yuko Runyenjes.